Uteuzi wa Ala Pepe na Viigizi vya Amplifaya katika Studio za Nyumbani, 1983–2002

Historia ya studio ya nyumbani kwa kawaida husimuliwa kama historia ya ukombozi: gharama zilishuka, na mwanamuziki akapata uhuru wa kuchagua. Ushahidi unathibitisha nusu tu ya dai hilo. Mwaka 1983 mfumo wa MIDI uliwezesha vinanda vya kielektroniki vya kampuni mbalimbali kuwasiliana. Mwaka 1996 kampuni ya Kijerumani ya Steinberg ilianzisha VST, na toleo lake la pili, la mwaka 1999, likaruhusu ala pepe kupigwa kwa ishara za MIDI ndani ya kompyuta. Kwa wapiga gitaa, kikwazo kilikuwa kelele: amplifaya ya valvu hutoa mkwaruzo wake unaopendwa inapopandishwa sauti mno, jambo lisilovumilika katika nyumba ya kupanga. Kifaa cha POD cha Line 6 (1998) na programu ya AmpliTube (2002) vilipunguza kikwazo hicho.

Hata hivyo, viigizi hivyo viliegemea amplifaya mashuhuri za Marekani na Uingereza, zikiwemo Fender, Marshall na Vox. Vivyo hivyo, orodha ya sauti 128 za General MIDI ya mwaka 1991 iliipa kalimba nafasi moja. Udi na kanuni, ala kuu za taarabu, hazikuwamo. Aliyechagua nyumbani, basi, alichagua miongoni mwa yaliyokwisha kuchaguliwa na wengine. Kwa hiyo, mtafiti anayepima uhuru wa studio hiyo hana budi kuchunguza si bei ya programu tu, bali pia ni nani aliyeamua sauti zipi ziingizwe.