Kuhakiki dodoso, si kulithibitisha tu

Katika masoko ya madini ya Kahama na Geita, mizani ndiyo humwambia mchimbaji kama jasho lake limelipa. Mizani inayopunja robo gramu asubuhi na jioni, leo na kesho, ni thabiti, ila inadanganya. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo huihakiki kwa kuipima dhidi ya uzito unaojulikana.

Nawaomba wanaotafsiri madodoso ya afya ya akili waikumbuke mizani hiyo. Kazi ya kuonyesha kwamba dodoso linapima kweli kile linachodai kupima tumeipa majina mengi: uhalalishaji, ithibati, uthibitishaji, uhakiki. Uhalalishaji ni kukifanya kitu kuwa halali, na dodoso halikuwa haramu. Ithibati tumekwisha kuwapa vyuo. Yanabaki mawili, na asili zake zinatuamulia. Thibitisha ni ndugu wa thabiti, kisichoyumba. Hakiki ni ndugu wa hakika na haki. Dodoso linalompa mtu yuleyule alama zilezile wiki hii na ijayo, hali yake ikiwa haijabadilika, lina uthabiti. Kujua kama alama hizo ni za msongo wa mawazo, wala si za kitu kingine, huo ndio uhakiki.

Tuchukue SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani: maswali 20 ya ndiyo au hapana, kuhusu siku 30 zilizopita. Mojawapo huuliza kama mikono hutetemeka. Kulitafsiri ni rahisi. Mtafsiri wa pili akilirudisha katika Kiingereza bila kuona la awali, yatalingana. Sasa mwulize mtu anayechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki Rwamagasa, Geita. Mvuke wa zebaki hutetemesha mikono, huvuruga usingizi na huleta wasiwasi, na yote matatu yamo katika dodoso. Tafsiri ni sahihi, kipimo kimekosea. Kwa dalili nyepesi kosa hili ni zito zaidi, kwa sababu alama mbili tatu tu ndizo humtenga aliyelemewa na asiyelemewa.

Au mwulize aliyepoteza kibarua Buzwagi, mgodi uliofunguliwa 2009 na uzalishaji wake ukakoma 2021, kama anapata shida kufikiri. Atasema hapana: mawazo anayo, tena mengi mno. Kwetu “nina mawazo” ni mzigo, na swali lililouliza juu ya uwezo wa akili limeupita mzigo huo pembeni.

Uzito unaojulikana, katika kazi hii, ni mahojiano ya mtaalamu wa magonjwa ya akili. Sylvia Kaaya na wenzake walifanya hivyo Dar es Salaam, wakachapisha matokeo 2002: walilinganisha dodoso la Hopkins lenye vipengele 25 na mahojiano ya kitabibu kwa wajawazito wanaoishi na VVU, wakapata mpaka wa alama 1.06. Mpaka huo ni wa wanawake wale, katika hali ile.

Basi anayekwenda Kahama na dodoso hilo la Hopkins, kabla hajaketi na wachimbaji na daktari wao, aandike wazi katika ripoti yake: limehakikiwa Dar es Salaam, Kahama bado.