Kwanza Niambie Habari za Gundi

Vijana wanaokuja karakanani siku hizi wana wimbo mmoja: vihisi. Ni visahani vya kauri, vyembamba kama ukucha, vinavyobandikwa kwenye bati la ndege ili visikilize nyufa. Mimi nimegonga mabati kwa sarafu tangu ujana. Gundi iliposhika, sarafu hulia kwa ukali. Ilipoachia, sauti hufifia kama umegonga papai bivu. Kwa hiyo huwauliza swali moja tu: na gundi yenu je?

Nina sababu. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines iliyokuwa ikitoka Hilo kwenda Honolulu ilifunuka paa ikiwa angani, pande la meta tano na nusu hivi. Mhudumu mmoja alinyakuliwa na upepo, hakuonekana tena. Ndege hiyo ilikuwa imeruka na kutua karibu mara 90,000, tena katika hewa ya chumvi ya visiwani. Mabati yake yalipishana, yakashikwa kwa gundi na ribiti. Gundi ikaachia, unyevu ukapenya, mzigo ukaziangukia ribiti, na kwenye matundu yake vijiufa vikaanza kutafutana. Abiria mmoja aliuona ufa wakati wa kupanda. Akanyamaza.

Kauri yenyewe haina ugeni. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha tangu 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme, na kauri hii ina tabia hiyo hiyo. Miaka ya 1990, Profesa Fu-Kuo Chang na wenzake wa Stanford walikuwa wakivipanga visahani kwenye utando mwembamba: kimoja hutetemesha bati, vingine husikiliza wimbi linavyofika. Penye ufa, wimbi hufika limebadilika.

Lakini huko juu baridi hushuka hadi nyuzi 50 chini ya sifuri, na uwanjani bati huungua kwa jua. Kila safari gundi huvutwa na kuachiwa. Ikibanduka nusu, kihisi hupiga kelele za ufa, kumbe mgonjwa ni chenyewe.

Katika miaka ya 2000, watafiti wa Los Alamos, Marekani, walionyesha njia ya kukipima kisahani chenyewe kwa umeme: kikibanduka, uwezo wake wa kutunza chaji hupanda, kikipasuka, hushuka. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Ni sarafu yangu ile ile, imevaa suti.

Ndege nyingi bado hukaguliwa kwa macho, tochi na mikono ya watu. Basi nawe ukiona ufa karibu na mlango, mwambie mhudumu kabla mlango haujafungwa.