Ujifunzaji wa dhana za uhusiano kwa kulinganisha

Ujifunzaji wa dhana za uhusiano kwa kulinganisha ni mada ya saikolojia ya ukuaji inayohusu jinsi watoto wadogo wanavyotambua mahusiano kati ya vitu, kama vile "juu ya", "kubwa kuliko" na "sawa na". Uhusiano hauonekani kama rangi au umbo la kitu kimoja. Hujitokeza pale vitu viwili au zaidi vinapotazamwa pamoja.

Nadharia

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani Dedre Gentner alichapisha nadharia inayosema kwamba anayelinganisha mambo mawili huoanisha sehemu zake kwa kufuata nafasi ya kila sehemu, si sura yake. Jua na kiini cha atomu havifanani kwa sura, lakini kila kimoja kiko katikati na huzungukwa na vitu vidogo zaidi.

Watoto huanza na kufanana kwa sura, kisha polepole huelekea kwenye uhusiano. Wakiulizwa wingu linafananaje na sifongo, watoto wadogo hujibu kwamba vyote ni vya mviringo na laini. Wakubwa husema kwamba vyote hushika maji na kuyatoa.

Majaribio

Mwaka 1996 Laura Kotovsky na Gentner waliwaonyesha watoto wa miaka 4 picha zenye mpangilio wa ulinganifu, kwa mfano ndogo-kubwa-ndogo. Watoto walishindwa kuutambua mpangilio huo ulipohamishwa kutoka ukubwa hadi weusi na weupe wa rangi. Walioanza kwa kulinganisha picha zinazokaribiana walifanya vizuri zaidi hata kwenye picha zilizotofautiana.

Mwaka 1999 Gentner na Laura Namy waligundua kwamba mtoto aliyeonyeshwa kitu kimoja na kupewa jina lake huelekea kulitumia jina hilo kwa kitu chenye umbo kama hilo. Aliyeonyeshwa vitu viwili vya aina moja, kama tofaa na pea, huelekea kuchagua ndizi badala ya puto la mviringo.

Nafasi ya lugha

Maneno ya mahali humsaidia mtoto kushika uhusiano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulihusu watoto viziwi nchini Uturuki ambao hawakuwa wamefundishwa lugha yoyote ya alama, na ishara zao wenyewe hazikueleza mahali. Walipotakiwa kutafuta kitu kwenye sanduku la pili mahali palepale kilipokuwa katika la kwanza, walifanya vibaya kuliko watoto wanaosikia.

Mjadala

Jean Piaget aliona kwamba watoto hawawezi kufikiri kwa mlinganisho kabla ya kukaribia ujana. Usha Goswami na Ann Brown walipinga mwaka 1990: hata watoto wa miaka 4 hufaulu ikiwa wanaufahamu uhusiano wenyewe, mfano kuyeyuka kwa chokoleti na kwa mtu wa theluji. Watafiti wengine hutaja pia uwezo wa mtoto wa kujizuia asivutwe na sura.

Matumizi katika elimu

Katika jumba la makumbusho la watoto mjini Chicago, watoto walilinganisha mifano miwili ya jengo, mmoja ukiwa na kipande cha mshazari kinachouimarisha. Mifano hiyo ilipofanana sana, tofauti hiyo moja ilionekana wazi, na watoto wengi zaidi walitumia mshazari walipojenga. Hivyo mwalimu hushauriwa kuanza na mifano inayokaribiana, kuiweka pamoja, na kuutaja uhusiano kwa jina.