Wiski ya moshi ya Islay
Wiski ya moshi ya Islay, kisiwa cha Uskoti, hutengenezwa kwa kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moshi wa mboji. Laphroaig na Ardbeg ni mifano. Hunywewa vizuri zaidi kwa matone ya maji, katika glasi iliyobana mdomoni. Wapo wanaodai kuizimua ni kuiharibu. Hata hivyo, uigaji wa kompyuta uliofanywa Sweden mwaka 2017 ulionyesha kuwa guayakoli, kiini kimojawapo cha harufu ya moshi, hukaa juujuu alkoholi isipozidi asilimia 45, na huzama ikipita 59. Pingamizi lina uzito kwa chupa ya asilimia 40 tu, iliyokwisha kuzimuliwa kiwandani. Barafu haifai: baridi hufifisha harufu.