Kutoka Ukimya hadi Usemi: Amandina Lihamba na Kazi ya Kiswahili Jukwaani, kwa Mtazamo wa Bujumbura

Utangulizi

Katika mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, Kiswahili kimekuwa lugha ya sokoni na ya ujirani tangu enzi za ukoloni. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na leo Kiswahili kimepata nafasi darasani pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Hata hivyo, kufundisha lugha ni jambo moja, na kumwezesha mwanafunzi kuitumia kusema linalomkera ni jambo jingine. Makala haya yanafuatilia maisha ya kazi ya Amandina Lihamba, mwigizaji mashuhuri wa jukwaa na filamu nchini Tanzania, ili kuonyesha kwamba sanaa za maonyesho zimewahi kuifanya kazi hiyo ya pili, na kwamba historia hiyo ina funzo kwa wapangaji wa sera ya lugha nchini Burundi.

Jukwaa baada ya Azimio la Arusha

Lihamba alizaliwa mwaka 1944 mkoani Morogoro. Alikulia kisanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako baadaye alifundisha hadi kufikia cheo cha profesa. Kizazi chake kilipokea majukumu mawili kwa pamoja: kuitoa tamthilia katika kivuli cha michezo ya Kiingereza iliyorithiwa kutoka shule za kikoloni, na kuipima Tanzania ya Ujamaa kwa macho ya wananchi wake. Ndiyo maana ni vigumu kumtenga Lihamba mwigizaji na Lihamba mwandishi, mwongozaji na mtafiti. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, ilihusu siasa na tamthilia nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Bujumbura ni tamthilia yake Hawala ya Fedha (1980), iliyotokana na hadithi ya Ousmane Sembène wa Senegali. Katika hadithi hiyo, mzee asiye na kazi jijini Dakar anatumiwa fedha na mpwa wake aliyeko Paris, lakini anashindwa kuzichukua kwa kuwa hana kitambulisho. Kila ofisi anayoifikia inamsukumia nyingine, na Kifaransa cha ofisi hizo hakijui. Kwa kuileta hadithi hiyo katika Kiswahili, Lihamba aliwapa watazamaji nafasi ya kucheka na kuhukumu, kwa lugha yao, urasimu unaomgeuza raia kuwa mgeni katika nchi yake. Mahali ambapo lugha ya nyumbani na lugha ya faili za serikali hazifanani, hadithi hiyo haihitaji maelezo marefu.

Kutoka ukumbini hadi kijijini

Mwaka 1982, Lihamba alishirikiana na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya kuandika Harakati za Ukombozi. Katika kipindi hichohicho, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu walikwenda Malya, mkoani Mwanza, kuendesha mradi wa sanaa za maonyesho kwa ajili ya maendeleo. Wanakijiji ndio waliotaja matatizo yao, likiwamo la mimba za wasichana, wakayajadili na kuyaigiza kwa ngoma na michezo waliyoizoea. Msanii kutoka chuoni alibaki kuwa mchochezi. Hapo mtazamaji aliacha kuwa mpokeaji wa ujumbe akawa mwenye hoja.

Funzo la Malya lilijitokeza upya mwaka 1996, Lihamba na Muhando walipoanzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walitambua vikwazo vya elimu yao, wakavichambua, wakavigeuza kuwa igizo, kisha wakaliwasilisha mbele ya wanafunzi wenzao, walimu na wazazi. Katika mfumo ambao lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, igizo la Kiswahili lilimpa msichana lugha ambayo ndani yake angeweza kubishana bila kuhofia kosa la sarufi. Mambo yasiyosemeka mbele ya mwalimu, kama vile unyanyasaji wa kingono, yalipata msemaji kwa kuvaa uhusika. Baadaye mbinu hiyo ilichukuliwa na FAWE, jumuiya ya Kiafrika ya kutetea elimu ya wasichana yenye makao makuu Nairobi, ikaenea katika nchi nyingine kadhaa za bara hili.

Mwanamke asiyesema

Mbele ya kamera, Lihamba alionekana katika Arusi ya Mariamu (1985) na Mama Tumaini (1986). Uhusika wake unaokumbukwa zaidi ni wa Samehe katika Maangamizi (2001), filamu iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, na ambayo ilikuwa ya kwanza kuwasilishwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Samehe ni mgonjwa katika hospitali ya akili ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Daktari kutoka Marekani, aliyeigizwa na BarbaraO, anajaribu kumfikia, lakini njia ya uponyaji inapitia kwa mizimu na kumbukumbu za ukoo.

Uhusika huo unaiangaza kazi nzima ya Lihamba. Mwalimu aliyewafundisha wasichana kusema alimwigiza mwanamke aliyenyamazishwa, akauonyesha ukimya kuwa jeraha lenye historia, wala si tabia ya kike. Ni kweli kwamba sehemu ya mazungumzo ya filamu hiyo ni ya Kiingereza. Jambo hilo linakumbusha kuwa soko la kimataifa lina masharti yake, na kwamba usemi kamili katika Kiswahili ulipatikana zaidi jukwaani na shuleni.

Hitimisho: funzo kwa Bujumbura

Burundi haianzi mikono mitupu. Mwaka 1997, Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza kurusha mchezo wa redio wa Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, kuhusu familia jirani za Kihutu na Kitutsi katikati ya vita. Wanawake hawa wawili walitumia igizo, kila mmoja katika lugha ya watu wake, kusema yale ambayo mazungumzo ya kawaida yalishindwa kuyabeba.

Kutokana na historia hiyo, mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, ufundishaji wa Kiswahili nchini Burundi uipe nafasi ya kudumu michezo inayotungwa na wanafunzi wenyewe, sambamba na ile ya Kirundi, badala ya kuishia kwenye sarufi na ufahamu. Pili, shule inayomruhusu msichana kusema iwe na utaratibu wa kulishughulikia alilolisema, kwani igizo lisilofuatwa na hatua humrudisha aliyesema katika ukimya wake wa awali, safari hii akiwa ameshajulikana.