Chungu cha Jioni na Asili Yake

Kijana wa Kenya akiulizwa chakula cha babu zake kilikuwa nini, aghalabu hujibu pasipo kusita kwamba kilikuwa ugali wa mahindi. Jibu hilo hutolewa kwa nia njema, lakini ni kweli kwa nusu tu. Ugali ni wa kale. Mahindi si ya kale. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, mahindi yalikuwa bado mgeni, au zao dogo la pembeni mwa shamba, katika sehemu nyingi za bara. Mtu aliyezaliwa mwaka huo aliweza kuanza maisha yake kwa uji wa wimbi na kuyamaliza kwa ugali mweupe wa unga wa dukani. Badiliko hilo liliingia nyumba kwa nyumba na chungu kwa chungu, wala hapakuwa na mpiga mbiu wa kulitangaza. Habari za magavana na vita vyao zimeandikwa katika vitabu vingi. Habari za chungu zimeandikwa kidogo, ijapokuwa chungu ndicho kilichoamua mtoto ataamka na nguvu gani asubuhi.

Majina ya chakula yatupa ushahidi wa kwanza. Wajaluo huita ugali kuon, Waluhya obusuma, Wakisii obokima, Wakalenjin kimnyet, Wakikuyu na Wakamba ngima, na watu wa Mombasa sima. Majina hayo hayakuja pamoja na mahindi. Yalikuwako tangu zamani, wakati unga uliposagwa juu ya jiwe kwa wimbi, mtama au uwele, na mahindi yalipofika yaliingia ndani ya jina lililokuwa tayari, kama mpangaji aingiavyo katika nyumba iliyojengwa na mwingine. Wimbi hasa ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Punje yake ni ndogo mno, lakini ina sifa moja ambayo wazee waliithamini kuliko ukubwa: ikikaushwa vema na kuwekwa ghalani, hukaa miaka mingi bila ya kuharibiwa na wadudu. Ghala la wimbi lilikuwa ngao ya jamaa siku mvua ilipokataa kunyesha.

Kando ya nafaka hizo palikuwa na vyakula vingine tele. Palikuwa na kunde, mbaazi na fiwi, ambazo Wakikuyu huziita njahi na ambazo mama aliyejifungua alipikiwa ili apate nguvu na maziwa. Palikuwa na viazi vikuu, nduma na ndizi. Na palikuwa na mboga za majani: mnavu, mgagani, mchicha, mlenda na majani ya kunde. Nyingi katika hizo hazikupandwa kwa safu. Ziliota zenyewe shambani baada ya mvua, na mwanamke aliyekuwa akipalilia alijua ipi ya kung'oa na ipi ya kuiacha. Huko magharibi, mboga chungu ziliungwa kwa maziwa na kulazwa chunguni, zikapashwa moto tena siku ya pili mpaka uchungu ukatulia. Magadi au chumvi ya majivu ilitiwa ili majani magumu yalainike. Ujuzi huo haukuandikwa mahali popote. Ulikuwa katika mikono ya mama na macho ya binti aliyeketi karibu na mafiga.

Isidhaniwe kwamba nasifu zama zilizopita kupita kiasi. Njaa zilikuwako, na nyingine zilikuwa kali hata zikapewa majina. Wala chakula hakikugawanywa kwa usawa siku zote. Katika jamii kadhaa wanawake walikatazwa kula kuku na mayai, ijapokuwa wao ndio waliofuga kuku hao na kuwapika. Jambo lisilokanika ni kwamba chungu cha wakati huo kilikuwa na vitu vya namna nyingi, na kimoja kilipopungua kingine kilishika nafasi yake.

Basi mahindi yalitoka wapi? Yalitoka mbali. Asili yake ni Mexico, ambako yalilimwa maelfu ya miaka kabla ya Ulaya kupata habari zake. Yalivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na yaaminika kwamba Wareno ndio walioyaeneza katika pwani za Afrika. Katika lugha yetu yaliitwa mahindi, kana kwamba yalitoka Bara Hindi. Mgeni mara nyingi hupewa jina la njia aliyopita, au la mtu aliyemleta, badala ya jina la kwao. Yalikaa pwani muda mrefu, na baadhi yake yakapanda bara pamoja na misafara. Lakini mahindi meupe yaliyoenea Kenya katika karne ya 20 yaliletwa na walowezi kutoka Afrika ya Kusini. Mahindi ya zamani yalikuwa ya rangi nyingi, mekundu, ya manjano na yenye madoadoa. Soko la Uingereza lilitaka meupe. Walowezi wakalima meupe. Na baada ya kizazi kimoja au viwili Mkenya naye akaona kwamba unga usio mweupe si unga. Wakati wa ukame wa mwaka 1984, mahindi ya manjano yaliletwa kutoka ng'ambo. Watu wengi waliyala kwa chuki, nao hawakujua kwamba chuki yao ilianzia katika daftari za wafanya biashara wa London.

Hata hivyo mkulima hakuwa mjinga alipoyapokea mahindi. Yalikomaa mapema, yakatoa mavuno makubwa, na palizi yake ilikuwa nyepesi kuliko palizi ya wimbi, ambayo humwinamisha mtu tangu asubuhi hata magharibi. Tena kulikuwa na suala la ndege. Wimbi na mtama huliwa na ndege shambani, kwa hiyo watoto walikaa juu ya vichuguu na majukwaa kutwa nzima, wakipiga kelele na kurusha mawe. Mahindi yamevikwa maganda, na ndege hawayawezi kwa urahisi. Shule zilipofunguliwa na watoto wakaenda kusoma, nani alibaki kufukuza ndege? Msomaji wa kitabu hiki, ambaye bila shaka anakisoma akiwa shuleni, na afahamu kwamba dawati analokalia lilikuwa miongoni mwa sababu za kupungua kwa wimbi.

Sababu nyingine haikuwa ya hiari. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa mwaka 1901, nayo ilidaiwa kwa fedha. Wanaume wakatoka kwenda kuzitafuta katika mashamba ya walowezi, katika reli na katika miji. Huko mwajiri alitoa ujira na chakula, na chakula chenyewe kilikuwa unga wa mahindi uliopimwa kwa kibaba. Chakula hicho kiliitwa posho. Neno hilo lina historia ya kupendeza: nchini Uganda hata leo posho ni jina la ugali wenyewe, ilhali kwetu limekuja kuwa jina la fedha ambazo wakubwa hulipwa kwa kuhudhuria mikutano. Lakini kwa kibarua wa wakati huo posho ilikuwa unga mkavu, siku baada ya siku, pasipo mama wa kuutafutia mboga.

Vita Kuu ya mwaka 1914 vilizidisha jambo hilo. Wanaume wengi wa Kenya walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza lililopigana na Wajerumani upande wa Tanganyika. Mtaa wa Kariokor mjini Nairobi na wa Kariakoo mjini Dar es Salaam yote miwili yakumbusha jina la kikosi hicho. Miongoni mwao walikuwamo watu waliozoea ndizi, wimbi, maziwa au viazi, na wote walipewa unga wa mahindi, ambao mara nyingi ulipikwa kwa haraka, ukaliwa haujaiva. Maelfu na maelfu walikufa, na ugonjwa uliwaua wengi kuliko risasi. Kuhara damu kulikuwa mbele katika magonjwa hayo. Waliorudi walirudi katika nchi iliyopatwa na ukame na homa ya mafua ya mwaka 1918. Waliorudi walikuwa wamezoea pia chakula cha kambini.

Miaka michache baadaye wataalamu wakaanza kushangaa kwa nini wafanyakazi walikuwa dhaifu. John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland, na Dakta J. L. Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya Kenya, waliwapima Wakikuyu na Wamasai, wakatoa taarifa yao mwaka 1931. Walisema kwamba mwanamume wa Kimasai, aliyelelewa kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi mwanamume wa Kikuyu urefu kwa inchi 5 na uzito kwa ratili 23 kwa wastani. Taarifa hiyo ilipata sifa duniani. Orr mwenyewe akawa mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1945, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mimi naona taarifa yenyewe ilikuwa na upungufu mkubwa. Iliandika chakula cha Wakikuyu kana kwamba ni desturi ya tangu na tangu, ilhali kufikia wakati huo sehemu ya ardhi yao ilikuwa mikononi mwa walowezi, na wanaume wengi walikuwa vibarua. Jambo moja hata hivyo wapimaji hao waliliona sawasawa: wanawake wa Kikuyu walikula majani ya mboga kuliko wanaume. Mboga zile zile ambazo bwana wa kambi alizidharau, na wanaume wakazidharau pia, zilikuwa dawa ndani ya chungu.

Kwamba mahindi peke yake hayatoshi, dunia ilijifunza kwa gharama kubwa. Katika majimbo ya kusini ya Marekani maskini walioishi kwa unga wa mahindi walipatwa na ugonjwa wa pellagra, ambao huchubua ngozi, huharibu tumbo na mwishowe akili. Tangu mwaka 1914 Dakta Joseph Goldberger alishikilia kwamba sababu yake ni chakula wala si vijidudu, na watu wengi walimpinga. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem aligundua kwamba kinachokosekana ni vitamini iitwayo niasini. Ajabu ni kwamba watu wa Mexico, wenye mahindi yao, hawakusumbuliwa hivyo, kwa kuwa tangu kale huyachemsha kwa maji ya chokaa au majivu, na upishi huo huifungua niasini iliyofungika ndani ya punje. Mahindi yalisafiri dunia nzima. Ujuzi wa kuyapika ulibaki kwao.

Huku kwetu mama wa nyumbani alijitafutia njia yake. Alichanganya mahindi na maharagwe, akapata githeri. Sayansi yatuambia leo kwamba maharagwe yana protini za aina ile ile ambayo mahindi yamepungukiwa, na hivyo viwili hivyo hukamilishana. Yeye hakuwa na mizani wala darubini. Alikuwa na watoto, akatazama jinsi walivyokua.

Chungu kilipohamia mjini kilibadilika tena. Sukuma wiki, mboga iliyotoka Ulaya, ilipata jina lake kwa kazi yake: kulisukuma juma mpaka siku ya mshahara. Jina hilo lina ukweli wote wa maisha ya chumba kimoja cha Nairobi. Unga nao ulikobolewa zaidi na zaidi ili uwe mweupe na ukae dukani muda mrefu. Kiini na pumba viliondolewa, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini na madini. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara ya H611, iliyowapa wakulima mavuno makubwa mno, na mahindi yakatawala kabisa. Mwaka 2012 serikali ililazimisha viwanda kutia vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano. Kilichotolewa na mashine kikarudishwa kwa sheria.

Utegemezi wa nafaka moja una hatari nyingine. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi yaliyowekwa majumbani kabla ya kukauka vizuri yaliota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Walikuwa wamekula mavuno ya mashamba yao wenyewe, kwenye meko yao wenyewe.

Tangu miaka ya 1990, Profesa Mary Abukutsa-Onyango amekuwa akichunguza mboga za asili, ubora wake, mbegu zake na upandaji wake, wakati ambapo wengi waliziita magugu au chakula cha maskini. Mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili miongoni mwa mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Mgagani na mnavu sasa huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, zimefungwa kwa mafungu na kupangwa kando ya sukuma wiki. Katika nyumba ya nyanya yangu jiwe la kusagia wimbi lingaliko, limechakaa katikati kama kitanda kilicholaliwa siku nyingi. Huwekwa mlangoni kuuzuia usifungwe na upepo. Majuzi mjukuu wake mdogo aliuliza ni la nini. Bibi akalifuta vumbi, akapiga magoti, akamwonyesha.