Parkinson: Nyumba inavyoweza kumwepusha mgonjwa na maanguko

Mgonjwa wa Parkinson anaweza kuvuka sebule bila taabu, akafika mlangoni, na miguu ikakwama ghafla kana kwamba imegandishwa sakafuni. Hali hiyo hudumu kwa sekunde kadhaa, pengine zaidi, na hutokea hasa milangoni, kwenye kona na katika njia nyembamba. Jamaa wasioifahamu humdhania kuwa mkaidi, wakamvuta mkono. Kiwiliwili hutangulia, miguu hubaki nyuma, naye huanguka.

Ugonjwa huu unaitwa kwa jina la James Parkinson, tabibu wa London aliyeueleza mwaka 1817. Hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi nao mwaka 2019. Bado haujapatiwa tiba ya kuuponya. Levodopa hupunguza ukakamavu na kutetemeka, lakini barani Afrika wengi hawaipati, au huipata kwa vipindi. Kwa familia hizo, kuirekebisha nyumba ni sehemu ya matibabu.

Jambo la kwanza halihitaji fedha, nalo ni kusafisha njia: kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi chooni. Waya, viatu na ndoo viondolewe. Mkeka na zulia dogo, hata msala, vikunjwe baada ya kutumika, kwa kuwa mgonjwa huburuza nyayo na ncha iliyoinuka yatosha kumkwaza. Kizingiti kirefu kinaweza kuondolewa, au fundi mwashi akatengeneza mteremko mfupi wa saruji kila upande.

Pale miguu inapokwama, hubandikwa vipande vya tepu ya rangi inayoonekana vizuri, vikikatiza njia, kimoja mbali na kingine kwa kadiri ya hatua moja. Mtu ambaye hawezi tena kutembea bila kuwaza mara nyingi huweza kuuvuka mstari anaouona. Wengine husaidiwa na sauti ya kuhesabu, moja, mbili, au kwa kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu hadi ule kabla ya kupiga hatua. Njia hizi hazimfai kila mgonjwa. Ni busara kujaribu kwa chaki kabla ya kununua tepu.

Choo ndicho kigumu zaidi, hasa kwa sababu ya haya. Katika mitaa ya Waswahili kama Buyenzi mjini Bujumbura au Biryogo mjini Kigali, zipo nyumba ambazo choo ni cha kuchutama na kiko uani. Kuchutama na kuinuka ndiyo mienendo ambayo Parkinson huipokonya mapema. Seremala anaweza kutengeneza kiti kizito cha mbao, chenye tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo. Kishikio cha chuma kifungwe kando, si bomba la maji wala msumari wa taulo. Ukuta wa tofali za udongo hauwezi kuhimili uzito wa mtu anayeanguka. Hapo afadhali nguzo iliyosimikwa ardhini kwa saruji. Kigoda imara kando ya bomba humwezesha kutawadha akiwa ameketi. Usiku, taa iwashwe njia nzima, au chombo cha haja kiwekwe karibu na kitanda.

Kochi laini na la chini humnasa. Kinachomfaa ni kiti kigumu chenye mikono, kirefu kiasi cha kurahisisha kuinuka, lakini nyayo ziguse sakafu.

Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, kwani ugonjwa wenyewe na baadhi ya dawa zake hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama. Na kwa kuwa sauti yake huenda ikafifia hata isisikike chumba cha pili, kengele ndogo au filimbi iwekwe mahali mkono wake unapofika.

Mabadiliko haya yafanywe naye, si juu yake. Mzee aliyeijenga nyumba hiyo hapendi kuona viti vimehamishwa bila kuulizwa, na mgonjwa aliyeizoea njia yake hupotezwa na samani iliyosogezwa usiku. Baada ya miezi michache familia ipite tena chumba kwa chumba, maana mahali anapokwama hubadilika.